Acheni Kuiogopa Mashine, Ulizeni Kipimo

Huku kwetu Turwa, ndugu wakishaambiwa kwamba mgonjwa wao atawekwa kwenye mashine ya kupumulia, msiba huanza kupangwa siku hiyo hiyo. Simu zinapigwa kwa watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam waanze safari. Anayepanda gari kwenda Musoma kumwona mgonjwa hupewa pole kama anayefuata maiti. Na hatakosekana mtu mzima mmoja, mwenye sauti inayosikilizwa katika ukoo, atakayetoa hukumu: "Mtoeni hapo mapema. Hizo mashine ndizo zinazomaliza watu." Wote hunyamaza. Anayethubutu kuuliza huambiwa kwamba yeye ni mtoto, hajazika wengi.

Mzee huyo nambishia, kwa heshima zote anazostahili. Nambishia kwa sababu wanaoathirika na hukumu yake hawawezi kujitetea, maana wamelala na mpira kooni. Ni kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Sirari akavunjika mbavu. Ni mama aliyeshikwa na kifafa cha mimba. Ni mwanafunzi mwenye malaria kali au kichomi kilichomkamata mapafu yote mawili. Hao ndio wanaoamuliwa barazani, kwa kauli moja, na watu ambao hawajaona hata kioo cha mashine kinasoma nini.

Lakini sitambishia kwa kudai kwamba mashine haina madhara. Wapo wanaotaka kuwatuliza wananchi kwa kusema mashine ni salama kabisa, na hao wanashindwa mjadala kabla haujaanza, maana wanachosema si kweli. Mashine ya kupumulia inaweza kuyaumiza mapafu. Madaktari wenyewe wamelichunguza jeraha hilo kwa zaidi ya miaka 50 na kulipa jina lake. Ninachokataa ni ule mruko unaofuata: kutoka "inaweza kuumiza" hadi "basi mtoeni".

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hoja ya mzee ni ya hesabu. "Nimeona watano wakiwekwa, wote watano tumewazika." Siwezi kukanusha alichokiona kwa macho yake. Namuuliza tu ni nani anayewekwa kwenye mashine. Hakuna daktari anayemchukua mtu mwenye mafua, akampa dawa ya usingizi na kumpitishia mpira kwenye koo. Anayewekwa ni yule ambaye oksijeni ya puani haimtoshi tena, anahema mara 40 kwa dakika wakati mtu mzima mwenye afya huhema kati ya mara 12 na 20, misuli ya kifua imechoka na akili imeanza kupotea. Huyo asiposaidiwa hafiki asubuhi. Kulinganisha vifo vya walio mashineni na vya wagonjwa wengine ni sawa na kusema kwamba hospitali ya rufaa ya Bugando inaua kuliko zahanati ya kata, kwa kuwa wanaofia Bugando ni wengi zaidi.

Na hata hesabu yenyewe haiko hivyo. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za ICU, yaani vyumba vya wagonjwa mahututi, za hospitali nne kubwa za rufaa nchini: Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 5,600. Waliofia humo walikuwa takriban 41 kati ya kila 100. Si wote waliowekwa kwenye mashine, na 41 ni wengi mno. Sitaki mtu yeyote aizoee namba hiyo. Ila 59 walitoka wakiwa hai. Kauli ya barazani inasema hatoki mtu.

Jirani zetu wa Rwanda wametupa ushahidi ulio mkali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka hospitali ya chuo kikuu ya Kigali ulipitia wagonjwa 1,046 waliolazwa. Kati yao 42 walikuwa na hali inayoitwa ARDS, yaani mapafu yote mawili kuvimba na kujaa maji ghafla, bila moyo kuwa ndio chanzo. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 37, umri wa kulea na kulima. Nusu yao walifariki. Na waliofika ICU hawakutimia hata theluthi moja. Wengi wa kundi hilo walibaki wodini, hawakuiona mashine ya kupumulia, na bado nusu ya kundi zima likazikwa. Ningependa kusikia mzee akieleza ni mashine gani iliyowaua.

Najua hofu hii ilichochewa upya mwaka 2020. Mwezi Aprili mwaka huo, jarida kubwa la madaktari wa Marekani lilichapisha takwimu za hospitali za Northwell huko New York, na ikasomeka kwamba asilimia 88 ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliowekwa kwenye mashine walikufa. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima kwa simu. Baada ya siku mbili jarida likaifafanua. Waliowekwa kwenye mashine walikuwa 1,151. Ile 88 ilitokana na wale 320 tu ambao safari yao hospitalini ilikuwa imekwisha, ama kwa kufa ama kwa kuruhusiwa. Katika wote 1,151, waliokuwa wamefariki hadi siku ile ni asilimia 24.5, na zaidi ya 7 kati ya kila 10 walikuwa bado wamelazwa. Bila shaka baadhi yao walikufa baadaye. Hata hivyo, ile 88 haikuwa kweli kwa namna ilivyosimuliwa, na masahihisho yake hayakupata watu wa kuyasambaza.

Kabla sijaenda kwenye jeraha lenyewe, nataka msomaji akumbuke Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Polio ilikuwa imeingia mjini na kupooza misuli ya kupumua. Katika majuma matatu ya mwanzo, hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa 31 wa namna hiyo, na 27 wakafa. Tarehe 27 Agosti, daktari Bjørn Ibsen aliagiza msichana wa miaka 12 atobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Alinusurika. Kisha wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakaketi kwa zamu usiku na mchana kando ya vitanda, wakiminya mifuko. Vifo vilishuka hadi chini ya nusu, na viliendelea kushuka. ICU zote za leo, pamoja na ile ya Musoma inayoogopwa, zimetokana na mikono ile. Mashine ilikuja baadaye kufanya kazi ya mkono bila kuchoka.

Ila mkono unachoka, na katika kuchoka kwake mna faida: mkono unahisi. Ukiminya mfuko na mapafu yakagoma, kiganja kinajua. Mashine inasukuma kile ilichoagizwa, iwe mapafu yanapokea au yanapasuka. Hapa ndipo mzee ana haki ya kusikilizwa.

Pumzi ya kawaida huvutwa: kifua kinapanuka, mapafu yanafuata, hewa inaingia taratibu. Pumzi ya mashine husukumwa kutoka nje. Katika mapafu mazima tofauti hiyo haina makali. Katika mapafu yaliyovimba mambo hubadilika, kwa sababu sehemu kubwa ya vifuko vya hewa imejaa maji au imejikunja, na hewa yote inakimbilia sehemu ndogo iliyobaki wazi. Mwitaliano Luciano Gattinoni na wenzake, walipowapiga wagonjwa hao picha za CT miaka ya 1980, walikuta kwamba sehemu inayopokea hewa katika mtu mzima inaweza kuwa na ukubwa wa mapafu ya mtoto wa miaka mitano au sita. Sasa mpe huyo pumzi ya mtu mzima. Vifuko vichache vilivyo hai vinavutwa hadi kuchanika, na vilivyo pembeni vinafunguka na kujifunga kwa kila pumzi, vikikwaruzana.

Webb na Tierney walilionyesha hili kwa panya mwaka 1974. Panya waliosukumiwa hewa kwa shinikizo la sentimita 45 za maji walijaa maji mapafuni chini ya saa moja. Wengine walipewa shinikizo lile lile la juu, ila mapafu yao yaliachiwa hewa kidogo mwishoni mwa kila pumzi ili yasijifunge kabisa, nao wakanusurika na mafuriko hayo. Mwaka 1988 Wafaransa Dreyfuss na Saumon walifunga vifua vya panya kwa bandeji ili visitanuke, kisha wakasukuma kwa shinikizo kali. Mapafu hayakujaa maji. Kilichokuwa kinaumiza, kumbe, ni kiasi cha hewa kinachoyatanua mapafu kupita uwezo wake. Mpiga tarumbeta hutengeneza shinikizo kubwa kuliko hilo kinywani mwake na kurudi nyumbani salama, kwa sababu kifua chake hakitanuki kupita kiasi.

Kisha likaja jambo la tatu, ambalo ndilo linaloleta ubishi mpya siku hizi. Mwaka 1997, huko Toronto, Tremblay na Slutsky walionyesha kwamba mapafu ya panya yakivutwa kupita kiasi hayaishii kuchanika; yanamwaga kemikali za kuita uvimbe. Seli huhisi kwamba zimevutwa, nazo hutuma taarifa ya hatari, seli nyeupe za damu zikamiminika, mishipa ikavuja. Kemikali hizo hazibaki mapafuni. Zinaingia kwenye damu na kuzifikia figo, ini na moyo. Ndiyo maana wengi wanaokufa na ARDS hawafi kwa kukosa oksijeni peke yake. Wanakufa viungo vingi vikishindwa kwa pamoja.

Na miongoni mwa wanaojibu mwito huo ni seli za masti, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza akiwa bado mwanafunzi miaka ya 1870. Zimekaa kando ya mishipa midogo ya damu na njia za hewa, zimebeba vijipunje vilivyojaa histamini. Ndizo zinazovimbisha uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Zikifunguka mapafuni, mishipa hufungua mianya na maji ya damu hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa.

Hapa ameibuka mbishi wa aina ya pili, kijana msomi wa mjini Tarime, ambaye haiti mashine uchawi. Yeye anasema: mashine huleta histamini, histamini huleta uvimbe, basi kinachotakiwa ni dawa ya kuzuia histamini, na dawa hiyo ipo kila duka la dawa kwa bei ya soda. Mpe Piriton nyumbani, mkinge na mashine. Nimeisikia hoja hii kwa watu wenye elimu nzuri, na naiogopa kuliko ile ya mzee, kwa sababu imevaa koti jeupe.

Histamini ni kitu kimoja chenye milango mingi. Vipokezi vyake vinavyojulikana ni vinne, vinavyoitwa H1, H2, H3 na H4. Inapogusa H1 katika mishipa na njia za hewa, mishipa huvuja na njia hubana; huo ndio mlango unaofungwa na Piriton. Inapogusa H2 tumboni, asidi hutoka, na ndiyo sababu James Black alipotengeneza dawa za kuziba H2 miaka ya 1970 vidonda vya tumbo vilipata tiba, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Lakini H2 iko pia juu ya seli nyingi za kinga, na huko mara nyingi kazi yake ni kutuliza. H3 imejaa zaidi kwenye mishipa ya fahamu. H4, iliyotambuliwa mwaka 2000, inaziita seli nyeupe zije mahali pa tukio. Kwa hiyo "kuzuia histamini" si tendo moja. Ukifunga mlango mmoja unaweza kupunguza uvujaji, ukifunga mwingine unaweza kuwa umeondoa kile kilichokuwa kinatuliza. Na histamini ni sauti moja tu katika kelele hiyo. Kuna kemikali nyingine za uvimbe, kama TNF na interleukini namba 1, 6 na 8, na kuna kuchanika kwenyewe, ambako hakuna kidonge cha mzio kinachokushona.

Watafiti wanachunguza vipokezi hivi kwa wanyama, na nafurahi kwamba wanachunguza. Hadi leo, hata hivyo, dawa za kuzuia histamini si tiba inayotambulika ya jeraha la mapafu linalotokana na mashine. Mwaka 2020 watu walishikilia famotidine, mojawapo ya dawa za H2, wakidhani ndiyo itakayowakinga na UVIKO-19. Haikuwa tiba ya kawaida ya ugonjwa huo, na matumaini yake yalififia. Tena Piriton humlegeza mtu kwa usingizi na kukausha makohozi yakawa mazito. Mtu anayepigania pumzi hatakiwi kulegezwa nyumbani. Phenergan, ndugu yake wa karibu, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kumkata pumzi.

Namwomba kijana huyu msomi atazame yaliyoipata salbutamoli. Kila mwenye pumu anaijua. Kwa nadharia ilifaa sana kwa ARDS: inasaidia mapafu kunyonya maji na inapunguza uvimbe. Uingereza wakaijaribu kwa njia ya mshipa katika ICU 46. Jaribio likasimamishwa njiani, baada ya wagonjwa 326, kwa sababu waliopewa dawa walikufa 34 kati ya 100 ndani ya siku 28, na wasiopewa walikufa 23. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Nadharia ilikuwa nzuri kuliko hiyo ya Piriton, na bado iliua. Upande wa pili kuna deksamethasoni, ambayo mwaka 2020 ilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa wa UVIKO-19: kwa waliokuwa kwenye mashine, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Ni dawa ya bei ndogo, nayo tunayo. Tulijua kwamba inafaa kwa sababu ilipimwa kwa watu, tena watu walio mashineni.

Mbishi wa kwanza na wa pili wanakosa jambo lile lile. Kama kuvutwa kupita kiasi ndiko kunakozifungua seli za masti na kuita uvimbe wote huo, dawa ya kwanza ya uvimbe ni kutoyavuta mapafu kupita kiasi. Mwaka 1999 Ranieri na wenzake waliwagawa wagonjwa 44: kundi moja likasukumiwa hewa kwa mazoea ya zamani, jingine kwa upole. Kemikali za uvimbe zilishuka kwa waliofanyiwa upole. Mwaka 2000 Wamarekani wakalifanya kwa wagonjwa 861. Kundi moja lilipewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo, jingine mililita 6. Mashine ni zile zile, wauguzi ni wale wale, ugonjwa ni ule ule. Waliopewa 12 walikufa 39.8 kati ya 100. Waliopewa 6 walikufa 31. Na interleukini namba 6 katika damu yao ilishuka zaidi.

Soma tena namba hizo. Karibu watu 9 katika kila 100 waliokolewa kwa kugeuza kitufe.

Nitafanya hesabu ya mama mmoja wa Turwa, wa kufikirika, ili ionekane jinsi kitufe hicho kinavyopotezwa. Ana urefu wa sentimita 158 na uzito wa kilo 90. Mtu anayepanga mashine kwa mazoea atakisia mililita 10 kwa kila kilo anayoiona kitandani, apate 900. Lakini mapafu hayanenepi mtu anaponenepa. Ukubwa wake hufuata urefu na jinsia. Kwa mwanamke, kanuni inaanza na 45.5, kisha unaongeza 0.91 kwa kila sentimita iliyozidi 152.4. Mama huyu anapata kilo 50.6. Zidisha kwa 6, unapata kama mililita 300. Yule wa mazoea amempa pumzi tatu kwa mpigo mmoja, mara 15 au 20 kwa dakika, usiku kucha. Asubuhi mapafu yamejaa maji, na ndugu wanaambiana: si tulisema?

Kilichohitajika kumnusuru ni futikamba. Mgonjwa amelala, anapimwa kutoka utosini hadi kisiginoni, namba inaandikwa kwenye faili. Na si sisi tu tunaoikosa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa ICU 459 katika nchi 50, ulikuta kwamba wenye ARDS waliopewa kipimo kisichozidi mililita 8 kwa kila kilo hawakufika theluthi mbili, na kwamba madaktari hawakuutambua ugonjwa wenyewe kwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10. Wafupi na wanawake ndio wanaozidishiwa hewa mara nyingi zaidi, huko Ulaya na Marekani. Nikiwawaza mama zetu, nashindwa kulisoma hilo kwa utulivu.

Kuna neno jingine lazima niliseme, maana najua ninakotoka. Mara nyingi "mashine inaua" ni njia ya staha ya kusema kwamba hela imekwisha. Ng'ombe wawili wameuzwa, wa tatu ni wa mahari ya kijana, nauli ya Musoma inakula kila wiki, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutamka kwamba tumeshindwa kumlipia mama. Lawama inapelekwa kwenye mashine kwa sababu mashine haijibu. Sina jiwe la kumtupia mtu aliyefika hapo. Ninachotaka ni shida hiyo itajwe kwa jina lake, tuibishanie kama suala la bima na gharama, badala ya kuificha ndani ya uongo ambao utamzuia hata yule mwenye bima asikubali kutibiwa. Na wapo wagonjwa ambao daktari mwaminifu atasema mashine haitawarudisha. Familia ina haki ya kuambiwa hivyo na kuacha. Hilo ni uamuzi juu ya mtu mmoja baada ya kumchunguza, wala halihitaji kanuni ya ukoo mzima.

Viongozi wetu nao wamechangia. Baada ya UVIKO-19, zilipokuja zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, yalijengwa majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi sehemu nyingi nchini, na ninayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini taarifa zinazosomwa ni za idadi: mashine kadhaa zimenunuliwa, zimewasili, zimekabidhiwa, picha imepigwa. Husikii ni nani atakayezipanga saa nane za usiku. Mashine bila mtu anayejua kipimo ndiyo inayomthibitishia mzee maneno yake, na kwa hapo hakosei kuiogopa.

Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, wenye wagonjwa karibu 20,000. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi. Karibu 7 kati ya 10 wa hao mahututi walikuwa wamelazwa wodi za kawaida. Na kati ya walioshindwa kupumua, waliokuwa wakipewa oksijeni hawakufika nusu. Oksijeni tu, siyo mashine. Muhimbili ilikwisha kuonyesha njia: walipoweka utaratibu rahisi wa kupima mapigo, presha, pumzi na oksijeni, na kuchukua hatua papo hapo namba inapovuka mstari, vifo vya walioingia ICU wakiwa na presha ya chini sana vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69. Matokeo hayo ni ya mwaka 2015. Kilichobadilika pale ni watu kupima na kuchukua hatua kwa wakati.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa Turwa, na wa Nyamongo, Sirari na Mugumu: mkifika kwenye mlango wa ICU, msiulize kama mashine inaua. Ulizeni urefu wa mgonjwa umepimwa sentimita ngapi na anapewa mililita ngapi. Ulizeni kama shinikizo la mapafu liko chini ya sentimita 30 za maji. Ulizeni kama kichwa kimeinuliwa, na kama hali ni mbaya, kwa nini hajalazwa kifudifudi. Ufaransa walijaribu hivyo kwa wagonjwa 466, wakachapisha mwaka 2013, na vifo vya siku 28 vilishuka kutoka karibu 33 hadi 16 kati ya 100, kwa nguvu za mikono ya wahudumu wachache wa kumgeuza mtu. Ulizeni ni lini watapunguza dawa ya usingizi wajaribu kumwamsha. Muuguzi aliyefundishwa atafurahi kuulizwa.

Nitaambiwa kwamba mtu wa kawaida hawezi kuuliza mambo ya mililita. Mama zetu wanashika kadi ya kliniki, wanasoma mstari wa uzito wa mtoto, na wanajua umeshuka kabla nesi hajafungua mdomo. Walifundishwa, wakajua. Na diwani atakaposimama kwenye baraza kusoma idadi ya mashine zilizoletwa, aulizwe hapo hapo ni wauguzi wangapi wa zamu ya usiku waliofundishwa kuzipanga, nani anawafundisha wapya, na kama kila kitanda cha ICU kina futikamba yake.